Jibu Likija, Litapita Hapa

Tangazo lilibandikwa jirani na saa ya kugongea kadi,
karatasi moja, pini mbili, bila salamu:
kituo kitafungwa, kazi itahamia jiji kubwa,
maili mia na themanini kusini,
kwa ajili ya ufanisi.
Orvo alilisoma mara mbili, glavu mkononi.
"Hata paka akipotea hupata bango kubwa kuliko hili,"
akasema, akarudi mashine namba tatu,
maana lori la saa kumi alfajiri halimngoji mtu.

Hapa Aldervik, kaskazini mwa Minesota,
barua ya Mtaa wa Tatu kwenda Mtaa wa Nne
hulala safarini usiku mmoja.
Wakitufunga itapanda lori, ivuke theluji,
igongwe muhuri na watu wasiotujua,
irejee siku ya tano kumwarifu jirani
kwamba mazishi ni juzi.

Mimi husoma kilichoishinda mashine.
Naujua mwandiko wa Bi Tillie Prpich,
herufi zimelala chali kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe.
Nayajua masanduku ya vifaranga mwezi wa Aprili,
wakilia gizani kwenye matundu,
nasi tukishusha sauti kana kwamba tuko wodini.
Naijua insulini kwa uzito wake.
Na majivu ya marehemu, yale yenye utepe wa rangi ya chungwa:
hayo huyabeba Marlys, kwa mikono miwili,
hayapandi mkanda.

Tawi letu la chama ni watu thelathini na wanane.
Tulipanga viti hamsini ukumbi wa shule,
tukaona tumejipendelea.
Wakaja. Wachimba chuma wastaafu na vikohozi vyao,
mfamasia, mfuga kuku, mhariri wa gazeti la Alhamisi.
Akaja Stan wa duka la zana,
ambaye mwaka tulioandamana kudai nyongeza
alituita kupe, mchana, mbele ya watoto wetu.
Alileta birika la kahawa lenye ukubwa wa pipa.
Hakuna aliyemkumbusha.
Tulikunywa.
Viti vikaisha, watu wakaegemea ukuta
chini ya majina ya mabingwa wa mpira wa magongo.

Bwana aliyetumwa na makao makuu alituonyesha michoro,
mistari ya buluu ikishuka, ya kijani ikipanda.
Bi Tillie akainua mkono, akauliza swali moja:
"Mwanangu, wewe umewahi kusubiri kitu?"
Akalitafuta jibu kwenye karatasi zake.
Tulimwachia muda. Hakulipata.

Ndipo mji ukaandika.
Kadi elfu tatu na mia sita, Jumanne moja,
zote kwa anwani ya makao makuu,
na njia ya kwenda huko, bado, ni sisi.
Usiku ule zilimwagika mkandani kama mahindi ghalani.
Orvo alikwisha kutuonya: hakuna kusoma,
hakuna kuzitanguliza, hakuna kuzibusu.
Bili ya umeme ipite kwanza kama ilifika kwanza.
Tukachambua kilio chetu wenyewe
kwa mwendo uleule, mgongo ukiuma palepale.

Moja mashine iliitema, ikaja mezani kwangu.
Penseli, tarakimu zimegeuka nyuma mbele.
Nilisoma anwani tu, naapa.
Lakini kadi ina pande mbili,
na upande wa pili mtoto alichora jengo hili,
madirisha yakiwaka, na watu
wenye viganja vikubwa kuliko vichwa vyao.
Niliishika kidogo kuliko inavyoruhusiwa.
Kisha nikaiingiza nambari, nikaiachia.

Saa kumi lori likaondoka, matairi yakilalama barafuni.
Muhuri wa Aldervik kwenye kila kadi.

Sasa ni wiki ya sita. Lile tangazo bado liko ukutani,
pini moja imedondoka.
Jibu likija, litapita hapa pia.
Tutalipanga na mengine, kwa zamu yake,
na asubuhi, kabla ya saa tatu,
litakuwa limefika.