Usingizi wa Mang'amung'amu

Saa kumi na moja kasorobo natoka kiwandani,
vidole vimekufa ganzi kwa minofu ya sangara.
Nakwea mawe ya Bugarika nikihesabu.
Sihesabu ngazi. Nahesabu yuniti.
Jumapili niliingiza za elfu tano,
tarakimu ishirini, nikizisoma kwa sauti
kama namba ya simu ya mtu anayenidai.
Leo Ijumaa, na mita imeshaanza kulia.

Nafungua mlango. Siwashi taa.
Giza linanitazama.

Jicho jekundu kwenye tivii.
Jekundu jingine, dogo, la king'amuzi.
La sabufa ni la buluu, linajiona la kisasa.
Chaja ya Nyangeta imening'inia ukutani
inanyonyesha hewa tupu,
simu yenyewe iko chini ya mto wake.
Na kule pembeni mashine ya michezo ya Tungaraza
inapumua rangi ya chungwa, taratibu,
kama mgonjwa aliyeambiwa asisemeshwe.

"Tungaraza, hukuzima?"
"Nilizima, mama." Anaongea na blanketi.
"Na hili jicho?"
"Hiyo imelala tu."

Imelala!
Mwenye kujua kulala ni mimi, maana sijalala.
Aliyelala hali.
Hawa wamelala mang'amung'amu,
sikio kwenye rimoti, kinywa mezani kwangu,
wanakula kidogo kidogo, kwa adabu,
kama wageni waliokwambia tumeshashiba
kisha usiku ukasikia sufuria inakwanguliwa.

Bandu bandu huisha gogo,
alinifundisha bibi yao kule Majita.
Lakini gogo lako, mama, lilikuwa uani,
tuliliona likipungua, tulisikia shoka.
Nani amewahi kusikia shoka la yuniti?

Basi nikavuta ndoo, nikaketi mbele ya mita.
Ikapepesa.
Nikahesabu hadi hamsini. Ikapepesa.
Hakuna aliyewasha kitu, hakuna anayetazama kitu.
Hamsini nyingine. Ikapepesa.

Nikainuka nikachomoa.
Tivii, king'amuzi, sabufa,
ile chaja, ilikuwa na uvuguvugu kama shavu.
Mashine ya michezo niliichomoa mwisho,
nikaona haya kidogo, sijui kwa nini.

Kupitia dirishani, kule ziwani,
taa za wavua dagaa zilikuwa bado zinawaka.
Hizo sina ugomvi nazo.
Kila moja ina mtu macho chini yake, na wavu.

Nyangeta akaja na shuka begani.
Hakuuliza. Akaketi sakafuni, akaegemea goti langu,
tukahesabu wote wawili, kimoyomoyo.
Mia. Mia na hamsini.
Ikapepesa.

"Mama, bado kuna kitu."
"Nimechomoa vyote."
"Bado kuna kitu," akasema,
akaelekea chumbani kwangu, nikamsikia akiinama.

Redio yangu.
Chini ya kitanda, sauti imeshushwa hadi mnong'ono,
naiwasha kila jioni nikitoka kwenda zamu,
mwaka wa tatu sasa.
Si kwa ajili ya wezi, ingawa ndivyo nilivyowaambia.
Niliiwasha ili nyumba nzima
ibaki na sauti ya mtu mzima.

Nyangeta alisimama mlangoni, waya mkononi.
"Tulikuwa tunajua," akasema.
Kisha, "Niizime? Umesharudi."

Nikaitikia kwa kichwa, gizani, sijui kama aliona.
Mita ikakaa kimya. Nilifika mia tatu,
nikapoteza hesabu.

Saa mbili Tungaraza akaanza kulalamika:
nani kachomoa, king'amuzi hiki
kinachukua dakika tatu nzima kuamka!
Nikavuta shuka usoni.
Hata mimi, mwanangu.
Hata mimi.