Kuku wa Bibi Nyemo

Mbegu ziliingia uani mia tatu na kumi na mbili.
Nilizihesabu mimi, akazihesabu Chedego mlinzi,
akazihesabu mkaguzi kwa kidole chenye glavu,
tukatia sahihi watatu, nakala saba,
moja kwa kila nchi inayosubiri jirani aseme ndiyo.

Hiyo ndiyo kazi yangu: kupatanisha saa za wanaosubiriana.
Sitazitaja kwa majina, nchi zina masikio.
Ya faili la kijani imeridhia kupanda, haijaridhia kula.
Ya faili la njano imeridhia kula, haitaki kuona jani.
Ya buluu inaruhusu lori lipite, mradi lisisimame
(dereva akibanwa na haja, kanuni zimenyamaza).
Ya zambarau inasema: wale wakikubali, na sisi tumo.
Wale ni kijani.
Na kijani wananiandikia kwamba wanawatazama zambarau.

Siku ya kupanda, mashimo mia tatu na kumi na mbili.
Mbegu mia tatu na kumi na moja.

Tulipiga magoti. Tuliuchekecha udongo wa Mvumi
kwa chekecheo la unga, mche wa jua kichwani.
Chedego alivua viatu akavikung'uta, akavua soksi,
akaapa kwa mama yake, kisha akaapa kwa mshahara.
Wavu ulikuwa na tundu, upana wa ngumi ya mtoto,
na nje ya tundu, akiparua kwa raha zake,
kuku mwekundu wa Bibi Nyemo Chidawali.

Nikaandika barua saba. Kichwa cha habari: Tukio.
Zote zikajibiwa kabla jua halijazama;
miaka minne sijawahi kujibiwa upesi vile.
Simamisheni. Simamisheni. Nasi pia tunasimamisha.

"Mbukwenyi," alitupokea, akatandika ngozi.
Alinisikiliza hadi mwisho, vinasaba na mipaka na itifaki,
mkono wake ukichambua mlenda bila kutazama.
"Kwa hiyo dunia nzima inamtafuta kuku wangu."
Nikasema ndiyo.
"Anaatamia mayai tisa. Leo siku ya kumi na nne.
Alitoka kula tu."

Alichinjwa mbele ya mashahidi.
Firigisi ilipasuliwa juu ya karatasi nyeupe:
uwele, changarawe, kigae cha chupa,
punje moja ya mahindi, nusu imesagika.
Nyama tuliichoma kwa mafuta ya taa, kama ilivyoagizwa,
na harufu ikaenda nyumba hadi nyumba
mwezi ule ambao ghala zilikuwa zikifagiliwa.

Punje ilipanda ndege. Sisi tulibaki.
Mvua ilinyesha siku sita, ikakata.
Mahindi ya majirani yalisokota majani kama tumbaku.
Ukame, tuliouandalia kurasa mia nne,
ulikuja wenyewe, bila fomu, bila viza,
na mbegu zilizotengenezwa kupimana nao
zilikuwa kabatini, kufuli mbili,
funguo moja kwangu, nyingine mjini kwa mtu aliye semina.

Wiki ya tisa, majibu: mahindi ya kawaida.
Ya debe alilonunua mwanawe soko la Kibaigwa.
Ile ya mia tatu na kumi na mbili sijui iko wapi.
Pengine siafu. Pengine upepo.
Pengine tulikosea kuhesabu, sote watatu, tukasaini.

Fidia haikuwa na kifungu. Mhasibu aliuliza
kama kuku ni mfugo au sampuli,
akaniomba barua, nikaona bora nivunje kibubu.
Nikampelekea elfu ishirini na tano.

Bibi Nyemo alizihesabu. Akazihesabu tena.
Akamwita mjukuu alete daftari la shule na kalamu,
akafungua ukurasa mtupu, akaugeuzia kwangu.
"Tia sahihi," akasema.
"Na uandike kuku. Usiandike tukio."