Mtoto wa Jicho

Tangi liko sebuleni, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
juu ya kabati la vyombo visivyoguswa
ila Idi.
Samaki watano. Mama kawapa vyeo, si majina:
Karani, Nyapara, Dereva, Mlinzi,
na yule mwenye baka jeusi mkiani, Mhasibu,
kwa kuwa hunenepa na hakuna aliyemwona akila.

Miaka ishirini na sita Bi Mwanahija alisoma mizani
kwenye shamba la mkonge, huko Pongwe.
Bombo walimwambia: mtoto wa jicho,
yote mawili, subiri.
Hakuzilalamikia sahani anazovunja
wala uzi usioingia sindanoni.
Alisema tu: "Siwaoni wafanyakazi wangu."

Basi nikang'oa kamera kwenye simu iliyopasuka kioo,
nikaifunga mbele ya tangi kwa mpira wa baiskeli,
nikatumbukiza vihisi viwili,
kimoja cha joto, kimoja cha uchachu wa maji.
Nikapiga picha elfu mbili na mia nne.
Kila picha, kila samaki nikamchorea kisanduku,
nikiisomesha kompyuta kama mtoto wa chekechea:
huyu Dereva. Huyu Dereva.
Huyu si Dereva, ni kivuli chake.

Ikaelewa. Ikatamka, kwa spika ya redio mbovu:
"Samaki watano. Joto ishirini na sita. Maji salama."
Mama akacheka hadi akashika ubavu.
"Kihisi gani? Hiyo sensa!
Sisi hutuhesabu kila miaka kumi,
hawa kila dakika tano.
Waulize basi wanatumia choo cha aina gani."

Alhamisi moja niko Chumbageni, juu ya ngazi, nafunga dishi,
simu ikatetema mfukoni.
Samaki wanne.
Nikasema Mhasibu huyo, kajibanza nyuma ya pampu.
Samaki wawili.
Bisibisi ikanidondoka.
Hakuna samaki. Joto ishirini na sita. Maji salama.
Salama ya nani, wewe?
Nilipanda bodaboda na mkanda wa zana kiunoni,
bei sikuuliza,
na njia nzima nilitunga uongo wa kumwambia.

Nikamkuta kwenye stuli, mkono majini hadi kiwiko,
bangili kazivua, kaziweka ndani ya kikombe cha Idi.
Samaki wanamdonoa vidole.
"Huyu Karani, ana papara. Huyu Dereva, hukata kushoto tu.
Wote wapo. Papasa kioo, kwa ndani."
Nikapapasa. Utelezi.
Mwani, mwembamba kama pumzi,
umetanda pale pale kamera inapochungulia.
"Jicho lako nalo limepata mtoto," akasema,
akalipangusa kwa pindo la kanga.
Upasuaji wa nusu dakika.
Kisha akanyamaza, pindo likimdondoka maji mapajani.

Spika ikakwaruza. Ikahesabu upya.
"Samaki sita."

Kosa nililiona: kidole chake cha shahada,
kilichopinda, kinachong'aa kwa maji na mafuta ya nazi.
Picha hamsini zingetosha, kisanduku kimoja, neno moja: mkono.
Kazi ya usiku mmoja.
Sijaifanya.

"Wa sita ndiye nani?" Mama akauliza, kidole bado majini.
"Mgeni," nikasema.
"Haya. Kesho kutwa mpe jembe."