Simba wa Muyeye

Nimechora papa, nimechora wembe wa kinyozi,
nimechora kuku wa kukaanga na sabuni ya unga.
Simba, hapana.
Simba nilimjua kwa jina tu, kama deni la marehemu.

Mchungaji Tsofwa alinikuta sokoni Malindi
nikiosha brashi kwa mafuta ya taa.
"Shekuwe, mtoto wa Lamu, nichoree simba
ukutani mwa kanisa letu, Muyeye.
Mdomo wazi. Meno yote yahesabike.
Apitaye kwenda bombani na ndoo yake
ajue Mungu wetu si wa mchezo."
Tukapatana elfu tatu, rangi juu yake.

Siku mbili alinisomea nikikoroga manjano na udongo.
Kumbe Waebrania wa kale hawakutosheka na jina moja.
Ari, mwenye nguvu zake.
Kefiri, barobaro, manyoya ya shingo ndiyo kwanza yanachomoza.
Lavi, ambaye hata usingizi wake unaogopwa.
Laishi...
Brashi ikanidondoka.
Chuoni kwetu Langoni, maalimu alitufundisha *laithi*,
naye ni simba huyohuyo!
Ndugu waligombana, wakagawana hadi sufuria,
ngurumo ikabaki ya shirika.

"Laishi ni aliyezeeka," akasema Mchungaji.
"Huyo hufa kwa kukosa windo."
Nikamuuliza: basi nguvu gani hiyo, inayokufa njaa?
Akafunua kurasa, akafunua,
akasema jua limekuwa kali, tuonane kesho.

Aliyebaki ni Mbodze, na ufagio wake.
Hakuniangalia. Alisema na vumbi:

"Mimi nimemwona. Chakama, mwaka wa ukame,
alfajiri, mlangoni pa zizi.
Hakunguruma.
Anayenguruma ameshashika, au anaita wenziwe.
Mwenye njaa huja kimya, kama mtu wa mkopo.
Mdomo kaufunga. Mbavu nazihesabu.
Nilikuwa na sufuria na mwiko,
nikapiga mpaka mwiko ukakatika.
Akaondoka polepole, wala si kwa woga,
kama aliyekumbuka shughuli nyingine,
na mbuzi mmoja kinywani, yule mweupe,
yule wa karo."

Na wewe?

"Mimi magoti yalinikataa. Nikakaa chini.
Na kwa kuwa nilikuwa chini tayari,
nikakamua waliobaki."

Usiku ule sikulala vizuri.
Asubuhi nikachukua rangi nyeupe niliyoiweka kwa ajili ya meno
nikampa yote machoni.
Mdomo nikaufunga kwa mstari mmoja,
mwembamba, wa mtu anayejizuia.
Mbavu nikazitoa, moja moja.
Miguu ya mbele nikaikunja kidogo magotini,
na hilo sikumweleza mtu.

Jumamosi Mchungaji alisimama mbele yake, koti begani.
"Meno yako wapi?"
Yamo ndani.
"Mimi nililipia ya nje."
Akakata mia tano.

Masika mawili yamepita.
Chumvi imekula mkia.
Watoto wakitoka bombani humgusa pua
ili wasikutwe na mwalimu wakichelewa,
na pua imekuwa nyeusi ikang'aa
kama ya mnyama hai.
Nyuki nao wameona ufa kati ya matumbawe,
palepale kooni,
wanaingia na kutoka kwa mvumo mdogo
ambao ukisimama karibu, unausikia kifuani.

Mchungaji anataka wafukizwe moshi,
ingawa kisa cha mzoga na asali
ameshakihubiri mara mbili nikimsikia.
Mbodze hakubishana naye.
Ameinjika beseni chini ya taya, akalifunika kwa kanga,
akaendelea kufagia.

Mia tano yangu bado.