Umeua Mingapi?

Kabla hujagusa hata jani, Eero,
niambie: umeua mingapi?
Usione haya. Mwaka wa ishirini na mbili huu nauza mimea Oulu,
kibandani hapa, kati ya muuza jibini na muuza samaki wa moshi,
na kila anayeingia na theluji mabegani
huja na marehemu wake.

Akahesabu kwa vidole vya glavu.
Kangaga moja. Mirihani miwili.
Okidi aliyopewa na dada yake, Sirkka,
iliyodondosha maua yote usiku mmoja
kama mtu aliyekata tamaa.
"Na dungusi kakati," akasema, chini chini.

Dungusi kakati, Eero?
Mmea unaoishi kwa ahadi ya mvua tu?

"Nilikuwa naumwagilia kila alfajiri."

Hapo nikajua. Huyu haui kwa kusahau.
Anaendesha gari la kusukuma theluji usiku kucha,
anawafungulia barabara watu waliolala,
saa kumi alfajiri anarudi kwenye nyumba isiyomuuliza kitu,
anawasha taa ya jikoni, anatafuta wa kumtendea wema,
na wa kutendewa yupo dirishani,
hana miguu ya kukimbilia.

Mfa maji hutapatapa, husema watu.
Mmea haujui kutapatapa.
Hufa maji kimya,
jani hili manjano, kesho lile,
nawe ukidhani ni kiu
unaongeza kikombe.

Akaitazama kalathea, majani kama yamechorwa kwa brashi.
Nikamshika mkono. Hiyo iache.
Hiyo hununa hata dirisha likikohoa.

Nikainama rafu ya chini, nyuma ya magunia ya udongo,
nikautoa ule ambao wateja huuruka.
Huu. Jina lake zamia, ila usiuzamishe.
Majani mazito, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Chini ya udongo una viazi vyake, umejiwekea maji
kama mtu aliyewahi kulala njaa.
Kwao ni mashariki ya Afrika, nasikia,
ambako mvua ikisema kesho
haisemi kesho ya lini.
Uweke mbali na hita, mbali na baridi ya kioo.
Birika lifungie kabatini.

"Na saa kumi alfajiri nifanye nini?"

Sikuwa na mmea wa kujibu hilo.
Nikakifunga chungu kwa magazeti matatu,
maana nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na hatua mia za kwenda kituoni
zingeuumiza kuliko mwaka mzima wa kiu.
Juu ya gazeti, kwa kalamu ya bei, nikaandika:
MAJI MWISHO WA MWEZI.
Halafu chini yake, sijui kwa nini:
Sirkka huamka saa ngapi?

Aprili alirudi, theluji imeshakuwa matope.
Hakununua kitu. Akavua glavu,
akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada
urefu wa chipukizi,
kisha akavitanua vidole kidogo,
kutia chumvi.
"Sirkka anakusalimu. Huamka saa kumi na moja. Ana mbwa."

Mlangoni akageuka.
"Niumwagilie leo?"

Ilikuwa tarehe kumi na nne.

Bado, Eero.