Asili

Saa tano za usiku, ofisi ya afya, Arua.
Bando limebaki mega themanini.
Faili la sensa linashuka tone tone,
kama dripu kwenye mkono wa mtoto asiyeonekana mshipa.
Viungo vinne nilivyobofya vilikuwa maiti.
Cha tano kimehema, kimekohoa, kimefunguka:
wilaya, kaunti, parishi, kijiji,
kaya, wanaume, wanawake,
na pembeni kabisa, niliowafuata:
walio chini ya miaka mitano.

Parishi ya Ombidri: mia nne kamili.
Daftari la chanjo ya surua: mia tano ishirini na wanne.
Nikagawa. Nikagawa tena kwa kalamu, siiamini mashine.
Asilimia mia moja thelathini na moja.

Bwana Ezati nusura apige vigelegele.
"Tumepita lengo! Iandike kwa herufi nene,
Kampala waione."
Nami nawaza wodi ya tatu,
watoto saba wenye macho mekundu na vipele,
wote saba wametoka parishi iliyopita lengo.

Darasa la sita nilisoma Kahama,
baba akiendesha malori ya pamba.
Huko mwalimu alichora mstari ubaoni:
cha juu, akasema, ni kiasi;
cha chini ni asili.
Usipoijua asili, kiasi ni porojo.
Tulicheka, tukadhani anasema ukoo.
Labda alisema ukoo.

Nikateremka mstari kwa mstari, kijiji kwa kijiji,
hadi Ombidri Ng'ambo.
Kaya: sufuri.
Watu: sufuri.
Mviringo safi, kama ukingo wa kikombe kisichonywewa.

Sufuri ile naijua.
Ni yangu.
Mei ile, kizibao cha sensa kimenigandia mwilini kwa mvua,
kishikwambi kina chaji asilimia tisa,
kijito kimefura, gogo la kuvukia limekwenda na maji.
Nilimwuliza muuza muhogo, Ng'ambo kuna watu?
Akasema, walihama, nadhani.
Nilichukua "walihama".
"Nadhani" nilimwachia yeye.

Jumamosi nimevuka. Gogo ni jipya.
Candiru, mhudumu wa afya wa kijiji, ametangulia,
daftari lake kalifunga ndani ya mfuko wa sukari.
Humo hamna jedwali: vijiti vinne,
cha tano kinavikata kiunoni,
kila fungu watoto watano.
Nimehesabu vijiti, kisha vichwa,
maana vijiti navyo huzeeka:
mia mbili na kumi na mmoja.
Wengine mama zao waliwavusha migongoni siku ya chanjo,
ndio waliotuzidishia kiasi.
Wengine, mto uliwakatalia.

Letaru ananyonyesha kizingitini.
Anataka kukiona kijiji chake kwenye simu.
Namwonyesha. Nitaficha nini?
Anaitazama sufuri, anamtazama mwanawe,
anacheka mpaka titi linamponyoka mtoto.
"Basi huyu sufuri ana meno. Ananiuma tangu juzi."

Usiku naandika upya.
Chini ya mstari: mia sita na kumi na mmoja.
Asilimia inaanguka, themanini na sita,
na Bwana Ezati hatanisalimia wiki nzima.
Kando, kwa kalamu, kwa ajili ya boksi la baridi:
dozi themanini na saba.
Kisha nachora vijiti, vinne na cha kukata,
vinne na cha kukata,
hadi vinabaki viwili nje ya fungu,
vimesimama.