Nyuzi

Swarzędz, saa kumi na moja alfajiri, theluji mlangoni.
Kisu kinazunguka ndani ya nyuzi za mwaloni,
mara elfu kumi na nane kwa dakika. Hakishikiki.
Basi kijicho chekundu hukitazama kwa mbali
na kuandika nyuzi zake: hamsini na nane. Sitini na tatu.

Bogna ananusa.
Likifika fundo, ubao hunuka mkate ulioungua
kabla namba haijapanda.
Anapunguza mzunguko, anaongeza mwendo:
kisu kinachokawia hujichoma chenyewe.

Alipotoka, alimwekea Tymek kiganja kwenye paji la uso,
akasema, "Si kitu,"
akakimbilia basi.

Sabini na moja.

Kiganja hakina desimali.

Anabonyeza kitufe, mashine inashusha pumzi,
vumbi linatua juu ya simu anayoipiga.